Arubaini ya Ngano

Benchi la Muhdhar lilikuwa ubavuni mwa duka la vitambaa lililofungwa zamani, Malindi, njia ya kushukia soko la samaki: mbao mbili ndefu zilizopigiliwa juu ya vigogo, na mbele yake Muhdhar mwenyewe na dele lake la kahawa juu ya makaa. Hapo mteja hakuitwa jina alilopewa na wazee wake. Fumo, mpishi wa hoteli moja ya watalii, aliitwa Menyu. Jefwa, mshoni wa kanzu aliyekuja kutoka Kaloleni akiwa kijana na hakurudi tena, aliitwa Redio, kwa kuwa hakuna habari iliyompita na hakuna aliyoifikisha kama alivyoisikia. Mahdi aliitwa Mizani. Miaka ishirini na miwili alikuwa mpima wa pamba kiwandani, na mwenyewe alikuwa mzito wa kutosha kupimwa pamoja na robota. Mwaka ule, wa pili baada ya njaa ya mahindi ya njano, benchi zima lilikuwa limeacha kula ngano, na aliyeanza ni Mahdi.

Ilivyokuwa ni hivi. Daktari alimwambia Mahdi kuwa ana sukari na apunguze uzito. Jioni ile ile Fumo akaja benchini na habari ya mgeni wao wa hotelini, mama mmoja wa Kijerumani, pande la mtu, aliyekataa mkate, akakataa tambi, akakataa keki, na baada ya wiki tatu akaondoka ameushika ukanda wake kwa mkono, umemlegea. Ngano, Fumo akasema, ndiyo mzizi wa yote. Asubuhi yake Mahdi aliirudisha sahani ya mahamri mbele ya mkewe. Zuleikha ndiye aliyekuwa akipika mahamri ya mtaa mzima wa Shela, na watu walikuwa wakipanga foleni mlangoni pake kabla jua halijachomoza. Aliitazama sahani, kisha akamtazama mumewe.

— Miaka ishirini na sita umekula kwa mkono huu, alisema. Leo mkono wangu ni sumu?

Mahdi akatoka. Na kweli alipungua. Watu walimpongeza msikitini. Jefwa alimkazia suruali mara mbili, na kila alipokaza alimwonyesha mteja wake mwingine kitambaa kilichozidi. Benchi likafuata, na foleni ya Zuleikha ikakatika.

Siku ya arubaini Mahdi alifika benchini saa nne badala ya saa moja, ametoka hospitali. Aliitikia salamu nusu nusu, akakaa akielekea upande wa Fumo.

— Kahawa? Muhdhar akamuuliza.

— Maji kwanza.

Alipewa kata moja, akaimaliza, akaomba ya pili. Njia nzima kutoka hospitali alikuwa akiyapanga maneno yake, na sasa yalikuwa yamemjaa kifuani.

— Menyu, nataka unambie mbele ya watu hawa. Yule mama wako wa Kijerumani, alikuwa na sukari au hakuwa nayo?

— Alikuwa mnene, Fumo akasema.

— Sikukuuliza unene.

— Mambo hayo ni mamoja, Mizani.

— Si mamoja. Leo nimeambiwa si mamoja. Daktari ametazama cheti changu, akanitazama mimi, akaniuliza nimekonda tangu lini. Nami nikamjibu kwa fahari, siku arubaini, daktari, bila hata kipande cha mkate wa boflo. Wajua alinambia nini?

Akamrudishia Muhdhar kata yake.

— Alinambia, hii si kupungua, mzee. Unaliwa. Sukari imepanda mara mbili ya ilivyokuwa, na ndiyo inayokula nyama yako. Na mimi nimekaa hapa arubaini nzima mkinipongeza. Naliwa mwili, nanyi mwanisifu.

Jefwa alitikisa kichwa kama mtu aliyeyatarajia hayo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Ndiyo maana nguo zimekupwaya.

— Redio, methali hiyo haihusu ushoni.

— Imetaja nguo.

— Nyamaza, Mahdi akasema. Wewe ndiye uliyenisimamisha mbele ya kioo chako ukaniambia nimekuwa kijana wa kuoa tena. Ulimwambia hata mkwe wangu.

— Nilisema nilichokiona. Sindano haisemi uongo. Nimetoa inchi nne pale kiunoni.

Fumo aliweka kikombe chake chini. Alikuwa mtu wa heshima, hakuzoea kuhojiwa hadharani, na pale hotelini hata wazungu walikuwa wakimwita kwa jina.

— Mizani, nisikize. Wewe wamwamini daktari kwa nini? Kwa sababu amevaa koti jeupe? Hata mimi nina koti jeupe. Daktari hapendi mtu apone kwa kuacha chakula. Akipona kwa kuacha chakula, nani atarudi kupanga foleni pale?

— Nimefuata mambo yako siku arubaini.

— Arubaini ni kidogo. Umekula ngano miaka hamsini na tano, wataka itoke mwilini kwa siku arubaini? Hesabu vizuri. Labda ni miezi arubaini.

— Siku za mwizi ni arubaini, Jefwa akasema. Na ngano ni mwizi. Kwa hiyo wakati wake umefika leo. Mizani, usikate tamaa, kesho utaanza kupona.

— Leo ndiyo nimeambiwa nazidi kuumwa.

— Ndiyo. Leo ya mwisho.

Muhdhar alikuwa akisuuza vikombe kwenye ndoo. Hakupenda kuingia maneno ya wateja, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umekunjana.

— Mimi nina jambo moja halinikai akilini, akasema. Hao Wataliana waliojaa mji huu hula tambi mchana na usiku. Menyu ndiye anayewapikia. Mbona wapita hapa wakikimbia, vifupa vitupu?

— Tambi zao twazichemsha kwa maji ya chupa, Fumo akajibu.

— Maji ya chupa ndiyo yaiondoayo ngano?

— Yailainisha. Zaidi ya hapo, ile ni ngano ya kwao. Yatoka Ulaya kwenye paketi, imefungwa. Yetu sisi yatoka bara.

— Hapo ndipo penyewe, Jefwa akadakia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mhogo umekaa shambani kwetu Kaloleni, hauendi popote, wakungoja wewe uende. Ngano imepanda lori kutoka Njoro, imepita Nairobi, imepita Voi, imevuka feri ya Kilifi, yaja kukutafuta wewe Mizani hapa Malindi. Kitu kizuri hakifanyi hivyo.

— Hata kitambaa chako cha kanzu chatoka mbali, Muhdhar akasema.

— Kitambaa hakiliwi.

— Nawe umekonda kwa kuacha ngano?

— Mimi nilikuwa mwembamba tangu zamani. Mimi najikinga. Sasa nisikizeni, kuna jambo la hamira. Unga ukitiwa hamira waumuka, sivyo? Ukichomwa, waacha kuumuka. Lakini ndani, katikati ya hamri, pale pasipofika moto, hamira ingali hai. Ukila, yaingia tumboni, pana joto, pana maji, yaendelea kuumuka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga walikuwa wakiisema hamira.

— Wahenga walikuwa wakimsema mtu mvivu, Mahdi akasema.

— Mtu mvivu ana tumbo moja. Kwa nini walisema matumbo?

Hata Fumo alishindwa kumsaidia hapo, lakini hakutaka kuachwa nyuma.

— Mimi niliambiwa kitu na mzee mmoja wa hotelini, mtunza bustani, alisema kwa sauti ya chini. Huu mnara wa Wareno pale mwambani mwaujua. Mwadhani waliujenga wa nini? Kumwonyesha nani njia? Chini yake palikuwa ghala ya unga. Walitukuta hapa watu wa mtama na wimbi, wepesi, wakali, wakaona hawatuwezi. Wakatupa ngano. Baada ya miaka kumi hakuna aliyeweza kukimbia kutoka hapa hadi pale.

— Basi si Wareno wenyewe wangenenepa kwanza? Muhdhar akauliza.

— Ndiyo maana hawako.

Mahdi aliwatazama mmoja mmoja. Alikuja kumshtaki mtu, na kesi yake ilikuwa ikimtoka mikononi, yageuka kuwa ya Wareno. Asubuhi ile, katika kile chumba cha daktari, alikuwa ameona chati ya miguu yenye vidonda ukutani na hakutaka kuitazama. Sasa ilikuwa ikimrudia machoni na watu hawa wamwambia habari ya ghala ya unga.

— Nimekwisha kuchezewa, akasema. Hamuoni kuwa huu ni mwili wangu?

Muhdhar alimmiminia kahawa, akampa mkononi.

— Twaona. Hebu nikuulize mimi, Mizani, maana hakuna aliyekuuliza. Tangu uliporudisha sahani ya Zuleikha, asubuhi unakula nini?

— Vitumbua.

— Vingapi?

— Vitumbua ni vya mchele. Havina ngano.

— Vingapi?

— Saba. Vikiwa vidogo, tisa.

— Na saa nne?

— Mkate wa sinia, kipande. Huo nao ni mchele na nazi.

— Na sukari.

— Sukari ni lazima, usipotiwa hauliki. Lakini ngano hauna.

— Na chai?

— Chai ni chai.

— Yenye sukari?

— Muhdhar, mimi niliacha ngano. Sukari ni kitu chengine.

Jefwa, ambaye hakuwa na kawaida ya kusubiri, alimgeukia Mahdi polepole.

— Mizani, akasema, ugonjwa wako waitwaje?

Hasira ya Mahdi iliyokuwa imetulia kidogo ilipanda upya, na safari hii ilikuwa chungu zaidi kwa sababu ilikuwa na aibu ndani yake.

— Usinifanye mtoto. Najua uitwavyo. Daktari alinambia mambo kumi na mawili. Kula hiki nusu, kile robo, kingine mara moja kwa wiki, tembea, osha miguu, kagua vidole, rudi tarehe kadhaa. Nani awezaye kushika mambo kumi na mawili? Menyu alinambia jambo moja. Alinambia acha ngano. Jambo moja mtu aweza kulishika. Nami nililishika kama mwanamume, nikagombana na mke wangu kwa ajili yake. Mwajua ni nini kulala nyumba moja na mtu aliyekupikia mahamri miaka ishirini na sita, naye akuamkie kama mgeni?

— Vidonge je? Fumo akauliza. Si walikupa vidonge?

Mahdi akanywa kahawa.

— Viko.

— Wavimeza?

— Viko kabatini. Nilipoona nakonda, niliona sina haja navyo. Nyote mlinambia nimepona.

Fumo akainuka. Alikuwa mfupi, na aliposimama alikuwa sawa kwa kimo na Mahdi aliyeketi.

— Sasa nisikizwe mimi. Nimekaa hapa natukanwa. Nilikwambia uache ngano, naam. Nilikwambia uache vidonge? Lini? Nani alisikia?

— Hukunambia. Lakini ulinambia ngano ndiyo mzizi. Mtu aliyekwisha kung'oa mzizi, matawi atayapogoa ya nini?

Fumo akasema, kwa sauti ambayo Mahdi hakuwahi kuisikia kwake:

— Mimi ni mpishi, Mahdi. Nilikueleza nilichokiona mezani.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake.

— Basi ungekaa mezani, Muhdhar akasema, naye sasa alikuwa amekasirika waziwazi. Nyote wawili, na Redio wa tatu. Mwanamke wa watu mmemfanya muuza sumu. Kila asubuhi alikuwa akinipa sinia niuze hapa na kahawa, leo sinia lake silioni, na nikipita mlangoni pake atazama chini kama aliyeiba. Na hakuna hata mmoja wenu aliyeacha ngano. Mliacha ya Zuleikha. Juzi nimemwona Menyu amejifungia biskuti katika gazeti.

— Biskuti si mkate.

— Biskuti ni nini? Samaki?

Fumo akakaa chini.

Mwisho wa benchi, upande wa jua, palikuwa na mtu ambaye kwa muda mrefu hawakumjali. Ni mtu wa makamo, shati limefuliwa hadi limekonda, na miguu yake imepasuka visigino kwa weupe wa chumvi. Alikuwa ameomba kahawa moja mwanzoni mwa kesi, akainywa kidogo kidogo. Sasa alikitua kikombe na kuwageukia.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, wakaitikia, kila mmoja kwa wakati wake.

— Mniwie radhi, nimesikia maneno yenu bila ya kuitwa. Mimi ni Kazungu, natoka Gongoni, nafanya kazi chumvini. Nangoja saa ya kuwaona wagonjwa. Mamangu amelazwa wadini, ana sukari hiyo hiyo ya mzee huyu. Juzi wamemkata mguu, hapa, chini ya goti.

— Pole sana, Muhdhar akasema.

— Nishapoa. Nimefurahi kuwakuta, maana nyinyi mwaonekana mwayajua mambo haya. Nataka kuuliza jambo nipate la kumwambia. Mamangu hajui mkate. Kwetu twala sima na mtsunga, zile mboga chungu, na samaki siku akipatikana. Chai ya sukari ni mpaka pawe na sikukuu. Na si mnene, ukimshika mkono washika mfupa. Sasa akitoka hospitali, yeye aache nini?

Hakuwa akiwadhihaki. Alimtazama Fumo, akamtazama Jefwa, akangoja, kama mtu aliyefika dukani na kuagiza kitu cha kawaida.

Jefwa alikuwa na methali ya kila kitu, na walimwona akiitafuta. Midomo yake ilicheza kidogo, kisha ikatulia. Fumo alisema, labda sima, kisha akasikia mwenyewe alivyosema, akaangalia viatu vyake. Muhdhar aliinamia makaa akayapuliza, ingawa yalikuwa yanawaka vizuri.

Kazungu akaendelea kungoja.

Mahdi alikuwa amekuja na hasira iliyomtosha Fumo, na ikabaki ya kumtosha Jefwa. Kwa hasira hii mpya hakumwona mtu wa kumpa. Mama mmoja wa Gongoni alikuwa amekula sima na mboga chungu maisha yake yote, na mguu wake umekwenda. Hakuna aliyemshauri vibaya. Hapakuwa na benchi la kulaumu.

— Wadi gani? akamuuliza Kazungu.

— Ya akina mama, ile ya nyuma.

— Nikusindikize.

— Mzee, si umetoka huko sasa hivi?

— Nimetoka. Twende.

Wakaondoka. Nyuma yao Mahdi akamsikia Fumo akimwambia Muhdhar kwamba kesho asubuhi atapita mwenyewe kwa Zuleikha kuchukua lile sinia, na Muhdhar akimjibu kuwa aanze kwa kuomba radhi, sinia litakuja baadaye.

Kazungu alitembea haraka, kwa mwendo wa mtu aliyezoea kubeba magunia, na Mahdi alilazimika kumwomba apunguze. Hawakuzungumza sana. Langoni waliungana na watu wengine wenye vikapu na sufuria zilizofungwa kwa leso, wakangoja kufunguliwa.

Kanze, mamake Kazungu, alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Shuka lilikuwa limelala tambarare pale ambapo mguu ungekuwa. Kazungu alimwamkia kwa Kigiriama, akamweleza mambo ya nyumbani, mbuzi aliyezaa, mvua iliyonyesha kidogo upande wa Gongoni. Kisha akamwonyesha Mahdi.

— Mama, huyu ni mzee Mahdi, mtu wa hapa mjini. Ana ugonjwa kama wako. Amekuja kukuona.

Mwanamke yule alimtazama Mahdi usoni, akashuka kwa macho kifuani, kwenye suruali iliyokazwa mara mbili, mpaka miguuni, kwenye vidole vilivyokuwa wazi ndani ya makubadhi. Hapo macho yake yakabaki.

— Miguu yakuuma, mwanangu?

— Hainiumi, mama, Mahdi akajibu haraka. Hainiumi hata kidogo.

— Hata wangu haukuniuma, Kanze akasema. Rudi kwa daktari, bado hajatoka.